Watu Milioni Moja na Waya wa Ploti: Somo la Hesabu kwa Mwenye Ardhi Kajiado

Sensa ya Agosti 2019 ilipata watu 1,117,840 katika Kaunti ya Kajiado. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka wa 2009, tulikuwa 687,312. Wazee waliohesabiwa mwaka wa 1969, Kajiado ikiwa bado wilaya, walikuwa 85,903 tu. Watu hao wote leo wangejaza zaidi kidogo ya nusu ya mji wa Kitengela.

Takwimu hizi hutajwa sana barazani, na mara nyingi hutajwa kama kisingizio. Utasikia mtu akisema watu wamekuwa wengi, kwa hiyo ufugaji umekwisha, kwa hiyo heri kuuza mapema kabla bei haijashuka. Maneno hayo yana ukweli nusu. Ni kweli watu wameongezeka. Lakini kinachoua ufugaji katika kaunti yetu si wingi wa watu peke yake, na mwenye ardhi asiyejua tofauti hiyo anaweza kuuza kitu ambacho hakuhitaji kuuza. Makala haya yanaeleza namna ya kuzisoma takwimu hizo, yanavyofanya malisho kupungua, na hesabu ambazo familia inafaa kuzipiga kabla ya kumwita mpimaji.

Kusoma takwimu

Kutoka 687,312 hadi 1,117,840 ni ongezeko la watu 430,528, yaani karibu asilimia 63 kwa miaka kumi. Katika muda huo huo, Kenya nzima ilitoka watu 38,610,097 hadi 47,564,296, ongezeko la asilimia 23. Ukilinganisha tu asilimia hizo mbili, utaona kwamba hapa kwetu kuna jambo zaidi ya watoto kuzaliwa.

Tunaweza kulikadiria. Kama Kajiado ingekua kwa kasi ya nchi nzima, mwaka wa 2019 ingekuwa na watu kama 847,000. Tulihesabiwa 1,117,840. Tofauti ni takriban watu 271,000. Hilo ni kadirio, kwa sababu uzazi haulingani kila mahali, lakini linatosha kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ongezeko letu ilikuja kwa matatu na malori ya kuhamisha vyombo.

Kuna njia nyingine rahisi ambayo hata mwanafunzi wa darasa la nane anaiweza. Kasi yetu ilikuwa karibu asilimia 5 kwa mwaka. Chukua 70, gawanya kwa 5, unapata 14. Hiyo ndiyo miaka ambayo idadi inachukua kuongezeka maradufu kasi hiyo ikiendelea. Mtoto anayeingia chekechea leo atamaliza shule ya msingi kabla ya hapo.

Sasa uliza walikwenda wapi. Kaunti yetu ina kaunti ndogo sita kwa mujibu wa sensa. Kajiado Kaskazini, iliyo ndogo kuliko zote kwa eneo, ilikuwa na watu 306,596. Isinya ilikuwa na 210,473. Hizo mbili peke yake zilibeba karibu nusu ya wakazi wa kaunti. Mashuuru yote ilikuwa na watu 64,214. Kitengela, mji mmoja, ulitoka watu 58,167 mwaka wa 2009 hadi 154,436 mwaka wa 2019. Kwa hiyo mtu akisema "Kajiado imejaa", muulize Kajiado ipi. Mfugaji wa Mashuuru na mwenye nyumba za kupangisha Ongata Rongai wanaishi katika kaunti moja, lakini matatizo yao hayafanani hata kidogo.

Sababu zinajulikana. Nairobi ilitoka watu 3,138,369 hadi 4,397,073 kati ya sensa hizo mbili, na kodi ya nyumba ikapanda nayo. Athi River, ng'ambo ya mpaka wetu na Machakos, ilipata eneo la viwanda vya kuuza nje baada ya sheria ya mwaka wa 1990, na wafanyakazi wake wengi walipata vyumba Kitengela. Barabara ya lami ya Namanga na ile ya Magadi zikamwezesha mtu kulala hapa na kufanya kazi jijini.

Waya kabla ya nyumba

Hapa ndipo takwimu za sensa zinapotuacha. Sensa huhesabu watu. Haihesabu ploti tupu zilizozungushiwa waya.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo ni zito, tukumbuke jinsi ufugaji wa nchi kavu unavyofanya kazi. Mvua zetu ni za misimu miwili, ya masika kuanzia Machi hadi Mei na ya vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, nazo hunyesha kwa mabaka. Inaweza kunyesha Kaputiei na isinyeshe Ilbissil. Mfugaji wa zamani hakuwa akihamahama kwa kupenda safari. Alikuwa akiifuata mvua. Karibu na boma aliacha olopololi, malisho yaliyohifadhiwa kwa ndama na wanyama dhaifu, na kundi kubwa likaenda mbali. Utaratibu huo ulihitaji ardhi pana, lakini zaidi ulihitaji ardhi iliyo wazi.

Sheria ya mwaka wa 1968 iliyoanzisha ranchi za vikundi iliweka ardhi hiyo chini ya hatimiliki ya pamoja. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi nyingi ziligawanywa, kila mwanachama akapata hati yake. Wengi waliifurahia hati hiyo, na haikuwa bure: iliwapa usalama ambao kamati za ranchi wakati mwingine ziliwanyima. Lakini ng'ombe hawakupewa nakala ya ramani. Kwa miaka mingi waliendelea kupita kama zamani, kwa sababu mipaka ilikuwa kwenye karatasi tu, na majirani waliachiana njia.

Tupige hesabu ya familia moja ya kubuni. Mzee ana ekari 100 katika eneo kavu. Tuseme ng'ombe mmoja anahitaji ekari 10 ili apate majani mwaka mzima bila kununuliwa chakula. Kwa ardhi yake peke yake, mzee anaweza kulisha ng'ombe 10. Lakini alikuwa na 40, na hawakufa, kwa sababu walilisha kwake wakati mmoja, kwa jirani wakati mwingine, na wa jirani nao walikuja kwake. Mzee akafariki, wanawe wanne wakagawana ekari 25 kila mmoja. Kila ekari 25 inalisha ng'ombe wawili na nusu, na nusu ng'ombe hakamuliwi. Mwana wa kwanza anauza ekari tano ili kulipa karo. Mnunuzi anazikata.

Ploti ya futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Madalali husema ekari hutoa ploti nane. Nane zinachukua futi 40,000, na kinachobaki ni futi 3,560 ambazo ndizo zinatarajiwa kuwa barabara, mtaro na kila kitu kingine. (Ukiona mtaa ambao lori la zimamoto haliwezi kugeuka, hesabu hiyo ndiyo iliyouzaa.) Ekari tano zikawa ploti arobaini. Wanunuzi arobaini, kila mmoja kwa sababu zake: mmoja anataka kujenga, mwingine anamwekea mtoto, wa tatu yuko ng'ambo na anasubiri bei ipande. Jambo wanaloafikiana wote ni kuzungusha waya mapema, ili ploti isichukuliwe.

Mwaka mmoja baadaye, katika ploti hizo arobaini, huenda nyumba zilizojengwa ni tatu. Mtu wa sensa akipita atahesabu watu kumi. Ng'ombe akipita atakuta ukuta. Na kama ekari hizo tano zilikuwa katikati ya njia ya kwenda bwawani, basi haikupotea ardhi ya mwana mmoja tu. Ekari za ndugu zake watatu na za majirani nyuma yao zimepungua thamani kwa mfugaji, ingawa hakuna aliyeziuza.

Kwa maoni yangu, ploti tupu inamgharimu mfugaji kuliko nyumba yenye watu. Nyumba yenye watu angalau inanunua maziwa.

Gharama hiyo huonekana wakati wa ukame. Mwaka wa 2009, na tena katika ukame mrefu ulioanza mwishoni mwa 2020, wafugaji wa kaunti hii walipoteza mifugo kwa wingi. Ukame si jambo geni kwetu. Jambo geni ni kwamba pa kukimbilia pamepungua kila mara, na mifugo iliyofungiwa mahali pamoja humaliza majani haraka, kisha hukanyaga udongo hadi mvua ikija maji yanateleza badala ya kuzama.

Wanyamapori wametupa onyo lile lile. Upande wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1946, haukuzungushiwa ua kando ya mto Mbagathi ili wanyama watoke kwenda nyanda za Athi-Kaputiei msimu wa mvua. Nyumbu waliokuwa wakihama huko kwa maelfu mengi miaka ya 1970 wamepungua mno. Mwaka wa 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka, kwa sharti kwamba wasizungushe ua, wasigawanye wala kuuza. Familia nyingi zilijiunga na fedha zikasaidia kulipa karo. Lakini malipo ya ekari kwa mwaka hayawezi kushindana na bei ya ploti kando ya lami, na yeyote anayependekeza njia ya kuhifadhi ardhi wazi inafaa alikubali jambo hilo kwanza.

Jiji ni mteja pia

Watu hao milioni moja, pamoja na milioni nne na zaidi wa Nairobi, wanakula. Hilo ndilo upande wa pili wa takwimu zetu. Maziwa ya Isinya yanaweza kufika Kitengela kabla ya jua kali. Mbuzi wa Ilbissil anafika Kiserian siku hiyo hiyo. Hakuna mfugaji wa kaskazini mwa nchi aliye na soko karibu hivyo.

Swali ni nani anaweza kulitumia soko hilo akiwa na ardhi ndogo. Jibu linategemea kwanza malisho ya akiba. Chukua ng'ombe wa kilo 300. Kwa siku anahitaji takriban kilo 8 za majani makavu. Kiangazi cha siku 90 ni kilo 720, yaani marobota 48 ya hei ya kilo 15 kila moja. Ng'ombe watano ni marobota 240. Andika bei ya robota mwezi wa Juni, wakati majani yapo, kisha andika bei yake mwezi wa Septemba, na utaona kwamba banda la kuhifadhia hei ni uwekezaji kabla ya kuwa jengo. Mwenye ekari 25 anaweza kutenga chache kwa nyasi za Boma Rhodes au za kienyeji zinazostahimili ukavu, akakata zikianza kutoa maua, kabla hazijakomaa na kuwa mabua. Anayengoja zikauke shambani anahifadhi wingi bila lishe.

Pili, idadi ya mifugo. Wafugaji wengi wetu wameanza kuchanganya Zebu na Sahiwal, na kondoo wa kienyeji na Dorper, wakifuga wachache wenye uzito mkubwa. Hilo lina maana, lakini tahadhari: mnyama mkubwa hula zaidi, na Sahiwal aliyezoea kulishwa havumilii njaa kama Zebu wa boma. Usibadilishe kundi lote kabla ya kuwa na hei.

Kisha kuna maji, na hapa ndipo wengi walioingia kilimo cha nyanya na mboga kwenye vibanda vya plastiki hukwama. Maji ya visima vingi katika kaunti yetu yana chumvi, na mengine yana floridi nyingi. Nyanya huvumilia chumvi kiasi. Maharagwe na vitunguu haviwezi. Maji ya chumvi yakitumika kwa matone katika kibanda ambacho mvua haiingii, chumvi hujikusanya kwenye udongo msimu baada ya msimu, hadi mimea inaungua ncha za majani na mkulima anadhani ni ugonjwa. Pima maji kabla ya kununua plastiki. Kuchimba kisima kirefu kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kibali hicho kipo kwa sababu visima vilivyosongamana huvutana maji.

Wakazi wa Loitokitok wanalijua jambo la kugombea maji kuliko sisi wengine. Chemchemi zinazotoka Mlima Kilimanjaro hunywesha mashamba ya nyanya na vitunguu, na maji ya Nolturesh hayo hayo husafirishwa kwa bomba kwenda miji iliyo mbali na chemchemi. Miji ikikua maradufu, bomba hilo halikui nayo. Uamuzi wa nani apate maji kwanza haupaswi kuachiwa usiku na mtu mwenye msumeno wa chuma.

Kabla ya kumwita mpimaji

Kugawanya ardhi ya kilimo si jambo la familia na dalali tu. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, uuzaji au ugawaji wa ardhi ya kilimo unahitaji idhini ya bodi ya ardhi. Ombi linafaa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mapatano yafanywe, na mapatano yasiyopata idhini hayana nguvu kisheria. Wengi wanalijua hilo. Wasilolijua ni kwamba sheria hiyo hiyo inaitaka bodi ikatae ugawaji ikiwa utaelekea kupunguza uzalishaji wa ardhi. Kwa hiyo jirani ambaye njia yake ya bwawani itakatwa ana hoja halali ya kuipelekea bodi. Si wivu, na si kuingilia mambo ya watu.

Kubadilisha matumizi ya ardhi kutoka kilimo hadi makazi ni ombi tofauti, linaloshughulikiwa na serikali ya kaunti kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Idhini ya bodi haimaanishi umeruhusiwa kujenga mtaa, na mnunuzi wa ploti ana haki ya kukuuliza uonyeshe zote mbili.

Mali ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Ndivyo inavyosema Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Na pale ardhi bado ni ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inadai uamuzi wa kuiuza au kuitoa uungwe mkono na angalau theluthi mbili ya wanachama waliosajiliwa. Kina mama na vijana ambao majina yao hayamo kwenye daftari la wanachama hawatahesabiwa siku hiyo, kwa hiyo kazi ya kuhakikisha jina limo hufanywa mapema, si siku ya kura.

Familia ikishaamua kwamba lazima iuze, bado kuna kuuza na kuuza. Ekari tano za pembeni, kando ya barabara, huacha malisho yaliyobaki yakiwa kipande kimoja. Ekari tano za katikati huyavunja vipande viwili. Dalali atapenda zile zenye mandhari nzuri. Angalia kwanza mifugo hupita wapi. Ndugu wanaweza pia kupokea hati zao nne na bado wakaandikiana mkataba wa kulisha pamoja bila ua katikati, jambo ambalo halihitaji ruhusa ya mtu yeyote. Kukodisha kwa msimu kwa mkulima wa nyasi kunaleta fedha bila kuondoa ardhi, ingawa hakutalipa deni kubwa la hospitali, na tusijidanganye kwamba wote wanaouza wanafanya hivyo kwa tamaa.

La muhimu zaidi ni njia ya mifugo. Kama ipo, mwambie mpimaji aichore kwenye ramani ya mgawanyo kama njia ya umma, kwa upana ambao kundi linaweza kupita bila kugusa mazao ya mtu. Njia iliyo katika kumbukumbu za wazee pekee hufa pamoja nao. Iliyo kwenye ramani hubaki hata ardhi ikibadilisha mikono mara tano, na afisa wa mipango wa kaunti ana mahali pa kuanzia anapomkuta mtu ameiziba.

Wakazi wengi hufika katika ofisi za kaunti wakiulizia tarehe za bodi ya ardhi. Bodi hiyo iko chini ya serikali ya kitaifa na mwenyekiti wake ni naibu kamishna wa kaunti, kwa hiyo tarehe huulizwa katika ofisi yake au kwa chifu. Masuala ya kubadilisha matumizi, njia na mipango ndiyo huletwa kwetu, idara ya ardhi na mipango. Ushauri kuhusu nyasi, mbegu za malisho na upimaji wa maji hutolewa na afisa wa kilimo na mifugo wa wadi. Unapokwenda mbele ya bodi, beba hatimiliki, kitambulisho na ramani ya mgawanyo uliopendekezwa, na uende na mwenzi wako wa ndoa pamoja na watoto waliofikisha umri wa utu uzima, kwa sababu wajumbe watataka kuwasikia wenyewe.